Ami nishauri: Bima wamekata pesa ya mabaki, na skuta wanaichukua

Assalaam aleikum Ami,

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Chake Chake, kwetu ni Vitongoji. Nilikuwa nakwenda kazini na kurudi kwa skuta niliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS. Wao ndio walioshurutisha niikatie bima kubwa, inayolipa hata chombo chenyewe, badala ya bima ndogo ya lazima, nikakubali, na ada yote nimelipa. Kwenye karatasi ya bima thamani ya skuta imeandikwa 3,000,000.

Mwezi uliopita nikiwa narudi nyumbani, karibu na Machomane, gari ndogo ya mizigo ilichomoza kutoka njia ya pembeni bila kusimama ikanipiga ubavuni. Mtulinga umevunjika, na mpaka leo mkono wa kulia haunyanyuki kupita bega, hata ubaoni naandika kwa taabu. Askari wa usalama barabarani walikuja, wakapima, wakachora, wakaandika kuwa kosa ni la dereva. PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa, ninayo.

Bima walimleta mtathmini wao kuiangalia skuta gereji. Juzi nikapata ujumbe kwenye simu, nauandika kama ulivyo: "Chombo chako kimehesabiwa ni hasara kamili. Gharama ya matengenezo 1,900,000. Thamani ya soko 2,400,000. Toa makato ya mwenye bima 150,000, toa mabaki 600,000. Malipo yako 1,650,000. Fika ofisini kusaini, uje na funguo na kadi." Nikapiga simu. Kijana aliyepokea akanambia skuta itapakiwa melini kwenda Unguja, na kwamba nisiposaini wiki hii faili litarudi nyuma.

Ami, mimi nimelipia bima ya 3,000,000. Iweje nilipwe 1,650,000? SACCOS bado wananidai 1,100,000, na kadi wanayo wao. Fundi wetu wa mtaani ameitazama, anasema nimpe 900,000 tu atairejesha barabarani, kwa hiyo moyo wangu umeelemea kuidai skuta yangu.

Liko na jengine. Dereva ni mtoto wa watu tunaojuana. Wazee wake wamekuja nyumbani na sheha, wameleta 200,000, wanaomba niandike kuwa nimesamehe na sina dai lolote tena. Baba anasema ajali ni kadari, nichukue, tusigombane na watu kwa sababu ya chuma. Karatasi ataiandika sheha mwenyewe, mimi nitie sahihi tu.

Nisaini ipi, niache ipi?

Mwalimu, Vitongoji

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Pole sana kwa mkono, na Mwenyezi Mungu akuponye upesi. Karatasi zote mbili, ya bima na ya sheha, ziache kwanza bila sahihi. Miaka mingi nimekaa kwenye dawati la madai ya bima kabla ya kustaafu, na watu wengi niliowaona wakiumia walipewa hesabu isiyo sawa, wakaisaini kwa kuwa waliharakishwa. Hesabu yako ina kasoro moja kubwa, na iko wazi ndani ya ujumbe wenyewe.

Wamekata 600,000 za mabaki. Mabaki ni skuta yenyewe kama ilivyo sasa, imevunjika. Bima hukata thamani ya mabaki pale mwenye chombo anaposema, "Nilipeni, lakini chombo changu kibakishieni." Hapo inakuwa kama umeyanunua mabaki kutoka kwao. Ukiwaachia wao, wanayauza na pesa ni yao, wewe hukatwi hata senti. Sasa wewe wamekukata 600,000 na papo hapo wanataka funguo, kadi, na skuta iende Unguja. Hayo mawili hayakai pamoja. Ama wanaichukua skuta na wanakulipa 2,400,000 kutoa 150,000, yaani 2,250,000. Ama wanakulipa 1,650,000 na skuta inabaki kwako. Inawezekana ni pengo la mawasiliano tu: aliyepiga hesabu alidhani unaitaka, na aliyepokea simu hakuiona hesabu. Lakini ukishasaini, tofauti ya 600,000 utaifukuzia na hutaipata.

Tuje kwenye 3,000,000 yako, maana hapo ndipo watu wengi wanapoona wameibiwa. Thamani iliyoandikwa kwenye karatasi ya bima ni kikomo cha juu cha malipo. Bima inakurejesha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya gari kukugonga, na dakika hiyo ulikuwa na skuta iliyokwisha kutembea, yenye tairi zilizolika na injini yenye umri. Mikataba mingi inasema italipwa thamani ya soko au thamani iliyoandikwa, yoyote iliyo ndogo. Ipo pia mikataba ya thamani iliyokubaliwa, ambapo kiasi kilichoandikwa ndicho kinacholipwa. Fungua kitabu cha mkataba wako uone maneno yaliyomo kwenye sehemu ya hasara kamili, yaani chombo kinapohesabiwa hakifai tena kutengenezwa. Ikiwa ni thamani ya soko, basi 3,000,000 haiko mezani. Na kwa siku za mbele, kila unapokwenda kukata bima upya waambie wapime thamani ya mwaka huo, usilipie ada ya chombo kipya kwa chombo kilichozeeka.

Lakini 2,400,000 nayo haikushuka kutoka mbinguni. Hiyo ni kauli ya mtathmini, na kauli ya mtathmini hujibiwa kwa ushahidi. Muulize ametumia bei za wapi. Skuta iliyotumika ikiuzwa mjini Unguja ina bei yake, na hiyo hiyo ikishafika Chake au Wete imeshalipiwa meli na mchukuzi. Wewe unaishi Pemba, na skuta ya kuziba pengo utainunua Pemba. Tafuta matangazo ya skuta za aina yako, mwaka wako, zinazouzwa huku. Piga picha, andika tarehe na bei. Waombe wauzaji wawili watatu wakuandikie bei kwenye karatasi yenye muhuri. Kusanya na risiti zako: betri, tairi, sevisi. Risiti ya tairi mpya ya miezi mitatu haiongezi laki tano, lakini inamwonyesha mtathmini kuwa chombo kilitunzwa, na yeye anao uwezo wa kupanda juu kidogo akipewa sababu ya kuiandika kwenye ripoti yake.

Jambo moja usipoteze nguvu kuligombania, nalo ni uamuzi wenyewe kwamba skuta ni hasara kamili. Tazama hesabu kwa upande wao. Kuitengeneza ni 1,900,000, na gereji ikishafungua bodi huwa yanatokea mengine ambayo hayakuonekana. Kukulipa 2,400,000 kisha kuuza mabaki kwa 600,000 kunawagharimu 1,800,000, na faili limefungwa. Mkataba unawapa wao haki ya kuchagua baina ya kutengeneza na kulipa. Watachagua kulipa, na kwa kweli kwako wewe ni afadhali.

Nasema afadhali kwa sababu ya fundi wako wa 900,000. Simjui na simvunjii heshima. Ila jiulize kwa nini gereji wameandika 1,900,000 na yeye 900,000. Sehemu ya tofauti ni vipuri vya mtumba na ujira mdogo, hilo halina ubaya. Sehemu nyengine, nachelea, ni fremu. Chombo kilichopigwa ubavuni mara nyingi hupinda pale shingoni, foki inaposhikana na fremu. Gereji hubadilisha, fundi wa mtaani hupasha moto, akanyoosha, akachomelea, akapaka rangi. Kinatembea. Kisha siku moja uko kwenye mteremko, unafunga breki, na shingo inakatika pale ilipochomelewa.

Kabla hujaamua kuibakisha, nenda gereji ukaikague mwenyewe, uende na mtu mwenye mikono mizima. Iwekeni skuta wima, usukani umenyooka. Chukueni uzi, muuzungushe nyuma ya tairi la nyuma kwa chini, mvute ncha zote mbili mpaka mbele, moja kila upande, ziguse kingo za tairi la nyuma. Kisha tazama tairi la mbele limekaa vipi baina ya nyuzi hizo. Nafasi zikiwa sawa kulia na kushoto, lipo tumaini. Nafasi ya upande mmoja ikiwa kubwa, magurudumu hayafuatani. Halafu washa tochi, angalia shingoni chini ya plastiki: rangi iliyopasuka nyufa nyembamba au iliyojikunja kama ngozi ni dalili kwamba chuma kilichokuwa ndani kimekunjika. Ukiyaona hayo, waachie bima waichukue, na uwaambie hivyo kwa maandishi.

Ikiwa fremu ni nzima na bado unaitaka, basi bishana juu ya ile 600,000. Anayeibakisha chombo anafaidika mabaki yakithaminiwa chini. Waulize ni mnunuzi gani wa Pemba aliyeahidi laki sita kwa skuta iliyovunjika, waonyeshe barua yake. Kama hayupo, thamani ishuke na malipo yako yapande. Na ujue yanayofuata: bima uliyokuwa nayo kwa kawaida inakwisha pale unapolipwa hasara kamili. Chombo kikishatengenezwa kinahitaji kukaguliwa na kukatiwa bima mpya kabla hakijagusa barabara, na kampuni nyengine zitakubali kukupa bima ndogo tu kwa chombo chenye historia hiyo.

Piga na hesabu ya mfuko. Ukiwaachia: 2,250,000, ukilipa SACCOS 1,100,000 unabaki na 1,150,000 mkononi, huna deni, huna skuta. Ukiibakisha: 1,650,000, fundi 900,000, unabaki na 750,000, na deni la SACCOS liko pale pale 1,100,000. Yaani utakuwa na skuta iliyowahi kuvunjika na upungufu wa 350,000. Mimi ningewaachia.

SACCOS waone kabla pesa hazijatoka. Mkopo haufi kwa kufa kwa chombo. Ikiwa jina lao limeandikwa kwenye mkataba wa bima kama wenye maslahi, bima watawalipa wao kwanza, na wewe utapata kinachobaki. Kadi wanayo wao, kwa hiyo bila wao huwezi kukabidhi kitu. Na siku ya kukabidhi, hakikisha uhamisho wa umiliki unaandikwa, upate nakala yako. Mara nyingi nimeona skuta na pikipiki zilizokabidhiwa bima kwa mdomo, zikauzwa, zikatengenezwa, zikaingia barabarani tena zikiwa bado zina jina la mwenyewe wa zamani. Ikitokea ajali, polisi wanakwenda kwake.

Ile 150,000 ya makato ya mwenye bima, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe, ni halali, ndivyo mkataba unavyosema, hata kama kosa si lako. Lakini haijapotea. Bima wakishakulipa, wanasimama mahali pako na kumdai aliyekugonga, au bima yake, warejeshewe walichotoa. Waandikie kwamba katika dai hilo waingize na 150,000 yako.

Na hapo ndipo tunapofika kwa sheha na wazee wa dereva.

Mwanangu, baba yako ana maneno mazuri na sitaki umvunje moyo. Kusamehe ni kwako na Mola wako, na mtu akija mlangoni kwa adabu na wazee wake, apokewe. Lakini karatasi inayosema "sina dai lolote" inakuumiza mara mbili. Kwanza, haki ya bima yako kumdai yule dereva inatokana na haki yako. Ukiifuta yako, umeifuta na yao, na mikataba inakataza hilo. Wanaweza kukataa kukulipa hata hiyo 1,650,000. Pili, na hili ndilo linalonitia hofu zaidi, unakuwa umeuza mkono wako kwa 200,000.

Bima yako kubwa inalipa chombo. Mkono wako haumo humo, isipokuwa kama ulilipia nyongeza ya ajali binafsi. Anayewajibika kwa mkono ni dereva, kupitia bima yake ndogo. Bima ndogo ni lazima kwa kila chombo cha moto kwa sababu ya watu kama wewe: mtu wa tatu aliyeumizwa. Chukua namba ya usajili ya gari ile, uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, mtandaoni ujue ni bima ya kampuni gani na ilikuwa hai siku ya ajali. Kisha ipelekee kampuni hiyo dai la mwili: matibabu, nauli za hospitali, na hasara ya kutoweza kufanya kazi kama zamani. Usikubali kufunga dai hilo mapema. Mfupa unaweza kuunga na bega likabaki gumu. Subiri daktari aandike kwamba umefika mwisho wa kupona, na aeleze ulemavu uliobaki kama upo. Wewe ni mwalimu, unaandika ubaoni. Mwombe daktari aseme waziwazi kuhusu kunyanyua mkono.

Kwa hiyo ukisaini kwa bima yako, soma mstari kwa mstari. Hati ya kukubali malipo huwa na sentensi ya "malipo kamili na ya mwisho". Hakikisha inataja skuta, kwa namba yake ya usajili na ya chasisi, na kwamba haigusi dai la kuumia mwili. Ikiwa haisemi hivyo, andika mwenyewe kwa mkono kabla ya sahihi, nao waweke saini pembeni.

Kwa wazee wa dereva, wambie hivi kwa heshima mbele ya sheha: mtoto wenu nimemsamehe moyoni, sina chuki naye, lakini dai linakwenda kwa bima yake, ambayo ameilipia kwa ajili ya siku kama hii, wala halimtoi yeye nyumba. Wengi hawajui kwamba bima ndiyo itakayolipa, ndiyo maana wanahofu. Ukiwaeleza, hofu itapungua. Zile 200,000 wakisisitiza ni za kukujulia hali, zipokee kwa karatasi inayosema ni msaada wa matibabu na haifuti dai. Wasipokubali karatasi hiyo, warejeshee. Kesi ya polisi si yako kuifuta. Usalama barabarani wana taratibu zao.

Sasa kwa bima wako andika barua, usipige simu. Maneno machache yanatosha: "Nimepokea ujumbe wenu kuhusu skuta yangu. Naomba kwa maandishi: ripoti ya mtathmini, namna thamani ya 2,400,000 ilivyopatikana, na namna mabaki yalivyothaminiwa 600,000. Mmekata mabaki na wakati huohuo mnaitaka skuta. Naomba mrekebishe malipo yawe 2,250,000 ikiwa mnaichukua. Nitawaletea bei za soko la Pemba na risiti zangu. Skuta isisafirishwe mpaka tukubaliane." Ipeleke ofisini kwao Chake kwa mkono, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ile "faili litarudi nyuma" isikutie hofu. Kuhoji hesabu hakufuti dai.

Wakikaa kimya au wakishikilia 1,650,000 na skuta juu yake, panda kwa meneja wa madai makao makuu. Akishindwa, iko TIRA, ambayo inasimamia kampuni za Bara na Zanzibar na ina ofisi Unguja. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya wateja wasiokubaliana na kampuni. Nakala ya barua yenye muhuri, ujumbe wa simu uliochapishwa, ripoti ya polisi na picha za skuta ndivyo watakavyoviuliza, basi viweke pamoja kwenye bahasha moja kuanzia leo. Ujumbe huo wa simu usiufute. Ndio ushahidi wako mkubwa kuliko wote.

Kwa ukubwa wa hasara ya skuta pekee huhitaji wakili. Kwa mkono, ikiwa daktari atasema una ulemavu wa kudumu, tafuta wakili kabla ya kukubali kiwango chochote, na mkubaliane ujira wake kwa maandishi kabla hajaanza.

Peleka barua kesho asubuhi kabla ya kuingia darasani. Wakikujibu, niletee jibu lao kama lilivyo, tulisome pamoja.

Ami